Volti Tano na Mshahara wa Kijana

Kila gari la kisasa linaloongozwa na kompyuta lina kipimo ambacho dereva hakioni wala hakihisi: volti 5. Betri hutoa volti 12 na ushei. Injini ikiwaka, chaji hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5, na kiwango hicho huchezacheza kadiri taa, feni na redio zinavyowashwa na kuzimwa. Umeme unaoyumba namna hiyo haufai kupimia kitu. Kwa hiyo kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi, huuchukua umeme wa betri, huutuliza, kisha huzigawia sensa volti 5 zisizoyumba. Volti hizo haziendeshi pampu wala haziwashi taa. Zipo ili ziwe kigezo.

Sensa nyingi zinazotumia kigezo hiki huwa na nyaya tatu. Waya wa kwanza huleta volti 5, wa pili ni wa ethi, wa tatu hurudisha taarifa kwenye kompyuta. Tuchukue sensa inayoeleza mlango wa hewa umefunguka kiasi gani. Mlango ukiwa umefungwa, taarifa hurudi ikiwa karibu na nusu volti. Ukifunguka wote, hukaribia volti 4.5. Maana yake ni kwamba sensa hukata sehemu ya kile ilichopewa na kukirudisha, na kompyuta husoma sehemu hiyo. Mkulima wa vitunguu anayelazimishwa kuuza kwa gunia la lumbesa analielewa jambo hili kuliko mimi. Anaweza kuhesabu magunia yake kwa uaminifu, moja hadi hamsini, bila kuruka hata moja, na bado akapunjwa, kwa sababu gunia lenyewe limeongezwa kichwa.

Tena kigezo hiki ni cha ushirika. Kompyuta haitengenezi volti 5 za kila sensa peke yake; hutengeneza mizunguko michache, aghalabu miwili au mitatu, na kila mzunguko hulisha sensa kadhaa. Waya mmoja ukigusa bodi ya gari mahali popote, au sensa moja ikipiga shoti ndani yake, kigezo huporomoka kwa sensa zote za mzunguko ule. Kompyuta, ambayo inasoma taarifa tu, huona kwamba sensa tatu au nne zimeanza kusema sifuri kwa wakati mmoja. Nayo huziandika zote kuwa mbovu.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu mshahara wa kijana mmoja umekatwa kwa kutoyajua.

Miezi michache iliyopita nilikuwa nikipanda Kitonga, nimempakia mama akirudi Iringa kutoka hospitali Dar es Salaam. Katikati ya mlima taa ya injini iliwaka na gari likaishiwa nguvu. Nilikanyaga mafuta hadi sakafuni na halikujali. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya malori yaendayo Zambia na Kongo, kushoto ni korongo, na hakukuwa na pa kuegesha. Tulitambaa hivyo hadi juu. Mama hakusema neno njia nzima. Tulipofika kwenye tambarare ndipo alipouliza kama bima nimelipia.

Kule kutambaa kulikuwa kinga. Katika magari ya aina hii hakuna tena kamba kutoka kwenye pedali ya mafuta hadi kwenye mlango wa hewa; kuna sensa kwenye pedali, kompyuta, na mota inayofungua mlango. Kompyuta isipoamini taarifa inayopata, huubana mlango ili gari lisije likachomoka lenyewe. Na waliosanifu mfumo huu walikuwa watu wenye hekima ya mahakama. Pedali ina sensa mbili ndani yake, na katika magari mengi kila moja hupewa kigezo kutoka kwenye mzunguko tofauti na ethi yake yenyewe. Sensa moja mara nyingi hutoa nusu ya volti za mwenzake, makusudi, ili nyaya zao zikigusana uongo ujulikane mara moja. Kompyuta hulinganisha ushahidi wa hao wawili wakati wote injini inapowaka. Mashahidi wanaokula chungu kimoja hawakuhesabiwa kuwa wawili.

Gari lilipelekwa kwenye gereji moja mjini. Walilipima kwa mashine, wakapata misimbo minne, wakaanza na wa juu. Wakabadilisha sensa ya mgandamizo wa hewa ya manifoldi. Taa ikawaka tena. Wakabadilisha ile ya mlango wa hewa, ambayo katika gari langu huuzwa pamoja na mlango wote. Taa ikawaka tena. Kati ya spea ya kwanza na ya pili, kijana mmoja wa pale aliagizwa aoshe injini kwa pampu ya maji ili fundi afanye kazi mahali safi. Baada ya kuoshwa, gari likawa halikai kwenye sailensa. Linawaka na kuzima. Mwenye gereji akatoa hukumu: kontroli boksi imeungua kwa maji. Alipendekeza mimi nichangie nusu ya bei ya kompyuta ya mtumba, na nusu nyingine akatwe yule kijana, kidogo kidogo, kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza ilikuwa imekwisha pita na fedha zilikuwa zimekwisha katwa.

“Shikamoo, mwalimu,” kijana aliniambia nilipokuja kuuliza habari za gari. “Mimi soketi nilizifunika na nailoni zote.” Hakusema zaidi, maana bosi wake alikuwa amesimama hapo.

Hapa naomba wasomaji wangu watumishi wa umma na wanafunzi wa sheria wanivumilie nikumbushe jambo wanalolijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimkatazi mwajiri moja kwa moja kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara. Inaweka masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na lilivyokokotolewa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha kuvipinga. Na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Angalieni neno linalotangulia kiasi: chanzo. Bunge lilidai sababu iandikwe kabla ya shilingi kuguswa. Mwenye gereji atasema kijana ni kibarua tu, hana mkataba. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo ina jibu lake katika kifungu cha 61: mtu anayefanya kazi chini ya maelekezo na usimamizi wa mwingine hudhaniwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kwa hiyo swali la fundi, “gari lina nini?”, lilikuwa limegeuka kuwa swali la haki, na lilihitaji kujibiwa kwa namna inayoweza kuandikwa. Nilimwomba mwenye gereji anionyeshe kipimo kilichothibitisha kwamba kompyuta imeungua. Alinionyesha taa ya kupimia, balbu ndogo yenye waya na ncha, ambayo aliigusisha kwenye soketi ya sensa. Haikuwaka. Balbu ya volti 12 ni shahidi mbaya katika kesi ya volti 5: hata kigezo kikiwa kizima huenda isiwake vizuri, na kwa kuwa hunyonya mkondo mwingi inaweza yenyewe kukiangusha kigezo inachodai kukipima. Nililikokota gari hadi kwa fundi mwingine.

Fundi huyu wa pili ni dada aliyesomea VETA, na kibanda chake hakina bango. Hakuanza na mashine. Aliuliza: tatizo lilianza ghafla au polepole? Barabara ilikuwa na mashimo? Kiyoyozi kilikuwa kimewashwa? Kilikuwa kimewashwa, nikamwambia, maana joto la Ruaha Mbuyuni halivumiliki kwa mgonjwa. Aliliandika hilo kwa penseli kwenye daftari la shule, kisha ndipo akachomeka mashine kwenye ile soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani.

Misimbo ilikuwa ileile minne. P0107: taarifa ya mgandamizo wa manifoldi iko chini. P0122: taarifa ya mlango wa hewa iko chini. P0532: taarifa ya mgandamizo wa gesi ya kiyoyozi iko chini. P0642: volteji ya kigezo cha sensa, mzunguko A, iko chini. Msimbo huu wa nne ulikuwapo hata kwenye karatasi ya gereji ya kwanza, chini kabisa, na hakuna aliyeugusa. Orodha ya misimbo haipangwi kwa uzito. Anayeisoma kama orodha ya watuhumiwa, kuanzia juu, huanza kulipa kabla hajajua anachonunua. Dada aliusoma wa nne kwanza. Kama kigezo kipo chini, akasema, hao watatu hawana kesi ya kujibu bado.

Kuanzia hapo nilichokiona kilikuwa kazi ya ustadi, na nitaieleza hatua kwa hatua, maana fundi yeyote mwenye multimita anaweza kuirudia.

Alipima betri kwanza: 12.5. Betri dhaifu huzua misimbo ya ajabu na hupoteza siku nzima. Kisha akafungua swichi bila kupiga stata, akachomoa soketi ya sensa ya manifoldi, ncha nyeusi ya mita akaiweka kwenye hasi ya betri na nyekundu kwenye waya wa kigezo. Mahali palipopaswa kuwa na volti 5 palikuwa na 0.3. Hakuishia hapo. Alihamisha ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye waya wa ethi wa soketi ileile, akapata 12.4. Ethi ilikuwa nzima. Nilipomuuliza kwa nini anapima kitu ambacho hakuna msimbo unaokilalamikia, alijibu kwamba ethi mbovu hupotosha taarifa za sensa zote kama kigezo kibovu kinavyofanya, na mashine haiwezi kuonyesha tofauti kila mara.

Akaacha mita ikiwa imeunganishwa na kuanza kuchomoa sensa za mzunguko A moja baada ya nyingine. Hii ndiyo njia ya busara kuliko zote. Kama sensa fulani imepiga shoti ndani, ukiichomoa tu kigezo hurudi kwenye volti 5 papo hapo, na mkosaji amejitaja mwenyewe bila kununuliwa mbadala wake. Manifoldi ilikuwa imekwisha chomolewa: 0.3. Akachomoa mlango wa hewa: 0.3. Kiyoyozi: 0.3. Kila mara alisubiri kidogo, akasoma, akaandika.

Sensa zote zikawa zimetoka kwenye kesi. Wamebaki wawili, waya na kompyuta, na hapa ndipo gereji nyingi huishiwa subira na kuihukumu kompyuta, kwa sababu haionekani ndani na hakuna anayeweza kuitetea. Lakini watuhumiwa wawili wanaweza kutenganishwa. Alitoa kichwa cha hasi cha betri, akachomoa soketi ya kompyuta, akatafuta kwenye mchoro wa nyaya pini ya kigezo cha mzunguko A. Mchoro ulikuwa kwenye simu yake, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama chawa, na alikuwa ameununua kwa bando lake mwenyewe. Siku moja nitaandika juu ya taifa linalofundisha ufundi kwa lugha moja na kuficha michoro katika nyingine. Alipima kati ya waya ule na bodi ya gari: omu 1.8. Waya uliochomolewa pande zote haupaswi kuwa na njia yoyote ya kufika kwenye bodi. Huu ulikuwa nayo, na kompyuta ilikuwa juu ya kiti, haijaunganishwa na chochote.

Sasa ilibaki kutafuta mahali. Mimi nilishika mita na kusoma kwa sauti, yeye akawa anapitisha mkono kwenye fungu la nyaya, akilisukuma na kulivuta kidogo kidogo. Moja nukta nane. Moja nukta nane. Alikuwa ameanza na tawi liendalo kwenye kiyoyozi, mbele karibu na feni, kwa sababu ya jibu langu la Ruaha Mbuyuni: kiyoyozi kikiwashwa feni huzunguka, na feni ikizunguka chuma chake hutetema. Alipoliinua fungu kutoka kwenye kishikizo cha feni, mita ilionyesha kwamba hakuna njia tena. Chini yake gamba la waya lilikuwa limelika, na shaba iliyo uchi ilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele.

Kishikizo chenyewe kilikuwa kimechimbika. Palikuwa na mfereji mwembamba kwenye chuma, katikati unang’aa kwa kusuguliwa, pembezoni una kutu ya zamani. Dada aliupiga picha bila kuambiwa. Mfereji ule haukuchimbwa na maji ya Jumatano moja. Ulichimbwa na maelfu ya kilomita za mtetemo. Huenda kuoshwa kuliusogeza waya kwa milimita moja, mguso wa hapa na pale ukawa mguso wa kudumu. Lakini waya ule ulikuwa unaelekea hapo tangu siku mtu fulani, miaka iliyopita, aliporudisha feni na kutofunga klipu yake.

Alirudisha soketi na betri. Kigezo: 5.01. Kompyuta iliyotangazwa kufa ilikuwa hai, kwa sababu kompyuta nyingi za injini zimewekewa kinga inayozuia mkondo usipite kiasi kigezo kinapopigwa shoti; shoti ikiondoka, hurudi kazini. Nilimwomba aurudishe waya kwenye chuma ili tuone. Ikashuka hadi 0.3. Akauinua: 5.01. Nilitaka mara ya tatu.

“Baba, inatosha,” alisema. “Hiyo kinga si ya kuichezea.”

Alikata sehemu iliyolika, akaunga kwa risasi, akafunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, akafunga fungu zima mbali na kishikizo. Kisha akarudisha sensa zangu mbili za zamani, zile zilizohukumiwa, moja baada ya nyingine. Gari liliwaka na kutulia kwa zote mbili. Malipo yake hayakufika nusu ya bei ya sensa moja.

Kuna jambo katika kazi ile ambalo mwalimu wa siasa hawezi kulipita. Mashine ya kusomea misimbo huiuliza kompyuta habari za kompyuta. Ni chombo muhimu, lakini kinachosemwa humo ni maelezo ya mamlaka juu ya hali yake yenyewe. Multimita inasimama nje. Haijapewa kigezo na kompyuta, haiombi ruhusa yake, na ndiyo maana ilipata ukweli. Nchi yetu iliwahi kuwa na sheria iliyoiogopa multimita. Mwaka 2018 Bunge liliirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 na kupiga marufuku kusambaza takwimu zinazokusudia kubatilisha, kupotosha au kushusha hadhi ya takwimu rasmi, na adhabu ikawa ya jinai. Mwaka uliofuata kifungu hicho kiliondolewa, baada ya kelele nyingi za ndani na nje. Katika kipindi kile nilikuwa na wanafunzi wa uzamili waliokusanya data zao vijijini na kuogopa kuzitetea mbele ya jopo. Mmoja wao alibadilisha mada kabisa. Hakuna aliyemtisha, alisoma sheria tu.

Ndiyo sababu niliomba daftari la dada. Tuliinakili kurasa ile moja: tarehe, vipimo vyote kwa mpangilio wake, mahali waya ulipolika, picha ya mfereji, na sentensi moja isemayo kwamba kompyuta ya awali inafanya kazi na haikubadilishwa. Yeye akasaini kama fundi, mimi kama mwenye gari. Nakala moja nilimpelekea mwenye gereji ya kwanza, pamoja na kipande cha waya ndani ya bahasha. Alikigeuza geuza mkononi kwa muda, akasema hajawahi kuona kitu kama kile, akasema ataacha kukata. Kuhusu fedha za Jumamosi mbili zilizokwisha katwa alisema, “Tutaangalia, mwalimu.”

Nakala nyingine anayo kijana. Nimemweleza kwamba mgogoro wa namna hii, usiohusu kuachishwa kazi, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na kwamba fomu yake haina malipo. Hajaamua. Anasema bosi si mtu mbaya, na kwamba akienda Tume hatapata gereji nyingine mjini itakayompokea. Siku amezihesabu kwenye simu yake. Leo ni ya 41.